Lulu, Ushanga na Jina la Kitu: Fundisho la Njia ya Kilosa

Mfasiri anayepewa karatasi ya maelezo ya kidani cha lulu ili aitie katika Kiswahili hukutana na shida mapema. Neno lulu analo. Ni neno la zamani lenye asili ya Kiarabu, nalo limo katika kamusi zetu. Lakini karatasi ile haisemi lulu tu. Inasema kama lulu hizo zilipatikana baharini bila mkono wa mtu, au zilitokana na chaza wa kufugwa, au ni vioo vilivyopakwa rangi. Inasema zinavyong'aa, uso wake ulivyo, na kama zimelingana. Mfasiri asipokuwa mwangalifu ataandika "lulu bora" mara tatu katika mistari mitatu, na msomaji wake atakwenda dukani akiwa hana la kumwongoza isipokuwa maneno ya muuzaji mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shida hiyo si ngeni katika historia ya lugha yetu, na kwamba iliwahi kupata ufumbuzi. Ufumbuzi huo hatuupati kwanza pwani katika maduka ya masonara, bali bara, katika njia ya misafara iliyopita uwanda wa Mkata na bonde la Mto Mkondoa, yaani nchi ya Mikumi na Kilosa ya leo. Huko, katika karne ya 19, wasemaji wa Kiswahili waliuza na kununua ushanga kwa uangalifu mkubwa, na kila aina iliyotofautiana na nyingine kwa thamani waliipa jina lake.

Njia na mali yake

Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliuvuka uwanda wa Mkata, kisha ikafuata bonde la Mkondoa na kuingia katika milima ya Usagara, hata ikatokea Mpwapwa na Ugogo. Kilosa iko mahali ambapo mto huo huacha milima na kuingia katika uwanda. Richard Burton na John Speke walipita nchi hiyo mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 wakati wa masika, na matope ya Mkata yakamtesa yeye na wapagazi wake. Katika vitabu vyao majina hayo yameandikwa Makata na Mukondokwa. Sehemu ya uwanda ule sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo jina lake limetokana na mikumi, miti ya jamii ya mvumo.

Msafara haukubeba fedha za kutosha safari, kwa sababu sarafu hazikuwa na kazi kubwa bara. Ulibeba nguo, waya wa shaba na ushanga. Kwa mali hiyo watu walinunua chakula cha kila siku, wakalipa hongo, na wakawatunza wenyeji wao. Nguo ilipimwa kwa doti. Ushanga ulinunuliwa Unguja kwa frasila, yaani ratili 35 au kilo 16 hivi, na sehemu kubwa ulitoka katika viwanda vya kioo vya Venice, Italia. Njiani ulitungwa katika nyuzi na kuhesabiwa kwa khete. Khete kumi zilifanya fundo moja. Khete ilikuwa kipimo cha mwili, ikipimwa kwa mkono wa mtu, na hapana shaka kwamba urefu wa mkono huo ulikuwa jambo la mjadala kati ya mnunuzi na muuzaji.

Yafaa tukumbuke kwamba ushanga huo ulikuwa pambo na fedha kwa wakati mmoja. Mtu aliyekosea katika kuuchagua hakupata hasara ya pambo tu; wapagazi wake wangeweza kulala njaa. Stanley, kabla ya kuondoka Unguja, alilazimika kujifunza jambo hilo kutoka kwa wafanyabiashara wazoefu wa bara. Kuhusu nguo hesabu ilikuwa nyepesi: alishauriwa kununua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Kuhusu ushanga hesabu ilikuwa ngumu. Aliambiwa kwamba ushanga mwekundu, yaani samisami, ungepokewa kwa furaha Unyamwezi, mahali ambapo aina nyingine zingekataliwa. Ushanga mweusi, yaani bubu, ulikuwa fedha Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani. Ushanga mkubwa mfano wa yai, aliouandika sungomazzi, ulitakiwa Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tu. Ushanga mweupe, ulioitwa merikani, ulifaa Ufipa na baadhi ya sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Uzigua ungedharauliwa.

Maelezo hayo yanatufunza jambo moja kubwa. Watu wa Usagara na jirani zao hawakuwa wapokeaji wa kila kinachong'aa, kama baadhi ya vitabu vya wakati ule vilivyopenda kusema. Walikuwa wanunuzi wenye jicho. Mfanyabiashara ndiye aliyelazimika kufuata hukumu yao, na hukumu hiyo ilimfikia kwa njia ya majina.

Majina ya ushanga

Burton, katika kitabu chake kilichotolewa London mwaka 1860, alikadiria kwamba aina za ushanga katika biashara hiyo zilifika 400 hivi. Hakuzitaja zote, lakini majina aliyoyaandika yanatosha kuonyesha jinsi istilahi hizo zilivyoundwa. Nyingine ziliundwa kwa kufananisha rangi na kitu cha nyumbani au shambani: samli kwa ushanga wa manjano, ukuti wa mnazi kwa wa kijani. Nyingine zilichukuliwa kutoka lugha za wafanyabiashara, kama gulabi, rangi ya waridi. Nyingine zilifuata kitu kingine cha biashara, kama joho, kitambaa chekundu cha sufu, ambalo lilikuwa mojawapo ya majina ya samisami.

Samisami ilikuwa na majina mengine mawili yanayostahili kutazamwa. La kwanza Burton aliliandika kwa tahajia yake ambayo sisi tungeisoma kimara pamba, na akalieleza kuwa ni kitu kimalizacho chakula. Pamba hapa siyo ile ifumwayo nguo, bali ni chakula, kwa maana ya zamani ya neno hilo katika lahaja za pwani. Maana yake ni kwamba mtu angetoa hata akiba ya chakula chake ili aupate ushanga huo. La pili ni kifunga mji. Burton alilieleza kwa maana ya kuvunja mji, kwa sababu wanawake waliupenda mno, ingawa kitenzi kinachosikika ndani ya jina ni kufunga. Mfasiri wa leo na ajifunze hapo kwamba maelezo ya mgeni kuhusu neno ni ushahidi wa kupimwa, wala si hukumu ya mwisho.

Lakini fundisho kubwa zaidi limo katika kitu chenyewe. Samisami ilikuwa ushanga wa kioo, mwekundu juu na mweupe ndani, na rangi yake ilifanana na marijani. Lau kama ungeuzwa kwa jina la marijani, ungekuwa udanganyifu. Haukuuzwa hivyo. Ulipata jina lake, bei yake, na wapenzi wake, na mtu aliyeununua alijua anachonunua. Kitu chenye jina lake hakimdanganyi mtu. Udanganyifu huanza pale ambapo vitu viwili vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kwa thamani vinapewa jina moja.

Msomaji anaweza kupinga kwa kusema kwamba neno merikani lilitumika kwa nguo na kwa ushanga pia, na hakuna aliyedanganyika. Ni kweli, na ubishi huo unatusaidia. Hakuna mtu awezaye kuchukua gora la nguo akidhani ni ushanga. Jina moja kwa vitu visivyofanana ni jambo la kawaida katika kila lugha, na muktadha hulitatua. Hatari iko katika vitu vinavyofanana. Kwa hiyo mwenye kazi ya istilahi asihesabu tu maneno yenye maana mbili. Aulize kwanza kama maana hizo zinaweza kukaa juu ya meza moja ya muuzaji.

Istilahi hizo za misafara zilikwisha pamoja na kazi yake. Serikali ya Wadachi ilidai kodi, ikaeneza rupia, na kuanzia mwaka 1904 ikatoa heller. Reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikahama kutoka mabegani mwa wapagazi kuingia katika mabehewa. Ushanga ukabaki kuwa pambo, na majina yaliyopambanua aina zake kwa ajili ya soko yakapungua katika vinywa vya watu. Leo ushanga, shanga, na utunda wa kiunoni ni maneno yanayojulikana. Khete na fundo, kwa maana ile ya biashara, hayana budi kuelezwa.

Lulu na ndugu zake watatu

Sasa tuigeukie lulu. Bahari ile ile iliyoleta majahazi ya Oman hadi Unguja ndiyo iliyokuwa na soko kubwa la lulu, kwani wapiga mbizi wa Bahareni, Oman na pwani nzima ya Ghuba waliuza kwa wafanyabiashara ambao aghalabu walipeleka mali yao Bombay. Wafanyabiashara hao nao hawakutosheka na neno bora. Walichekecha lulu katika vichungi vya shaba vyenye matundu ya vipimo mbalimbali ili kutenga ukubwa. Walipima uzito kwa mithkali. Walikadiria thamani kwa kipimo kiitwacho chau, ambacho hupanda kwa kipeo cha pili cha uzito, hata lulu moja kubwa ikazidi sana thamani ya mbili ndogo zenye jumla ya uzito huo huo. Lulu kubwa na nzuri kabisa iliitwa dana.

Biashara hiyo ilianguka karibu na mwaka 1930. Sababu mojawapo ilikuwa mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929. Nyingine ilitoka Japani. Mwaka 1893 Mikimoto Kokichi alifaulu kupata lulu nusu kutoka kwa chaza aliyewafuga, na katika miaka ya 1920 lulu za mviringo zilizopatikana kwa ufugaji zilienea katika masoko ya Ulaya. Kazi ni hii: fundi hutia ndani ya chaza punje iliyochongwa kutoka gamba la kombe pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha chaza huifunika punje hiyo kwa tabaka zile zile zing'aazo ambazo angefunika nazo kitu kingine kilichoingia bila mkono wa mtu. Wafanyabiashara wa Ulaya walibishana sana juu ya jina la lulu hizo. Ugomvi wao haukuwa wa wanazuoni. Ulikuwa wa fedha, kwa maana jina ndilo lililoamua bei. Mwishowe ilikubaliwa kwamba ziuzwe kama lulu, mradi jina litaje kwamba ni za kufugwa.

Kwa hiyo mezani pa muuzaji wa leo kuna vitu vitatu vinavyofanana. Kipo kilichotokea chenyewe ndani ya chaza, nacho ni adimu. Kipo kilichotokana na chaza wa kufugwa, nacho ndicho karibu lulu zote zinazouzwa duniani siku hizi. Na kipo ambacho hakikupata kuwa ndani ya chaza kamwe: kioo au plastiki iliyopakwa rangi, na zamani rangi hiyo ilitengenezwa kwa magamba ya samaki.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohitaji uangalifu. Maneno asili na halisi hutumiwa kama kwamba ni pacha. Katika lulu siyo. Halisi ni kinyume cha bandia. Asili, hapa, ni kinyume cha kufugwa. Lulu ya kufugwa ni halisi, kwa kuwa imeumbwa na chaza, lakini si ya asili. Mfasiri aandikaye "lulu halisi" juu ya lulu ya kufugwa hakusema uongo, ingawa amesema nusu ya ukweli. Aandikaye "lulu ya asili" amesema uongo, na uongo huo unaweza kumgharimu mnunuzi mara nyingi ya bei iliyomstahili. Twapendekeza basi majina matatu yasiyoingiliana: lulu ya asili, lulu ya kufugwa, na lulu bandia. Tumechagua kufuga wala si kulima, kwa sababu chaza ni mnyama. Kilimo na kibaki kwa mwani.

Jambo hili si la nchi za mbali. Unguja, katika rasi ya Fumba, tangu miaka ya mwanzo ya karne hii wanawake wamefuga chaza na kupata lulu nusu, ambazo huota zikiwa zimeshikamana na ukuta wa gamba, na wametengeneza mapambo kwa magamba yenyewe. Lulu nusu ni jina la haki: linasema umbo na halifichi kitu.

Sifa za kupimia lulu

Baada ya jina la kitu huja majina ya sifa zake. Neno ubora peke yake halitoshi, kama vile lisingetosha katika njia ya Kilosa. Yafaa ligawanywe kama ifuatavyo.

Mng'aro ni sifa ya kwanza. Siyo kung'aa kwa kitu kilichosuguliwa, bali ni nuru inayorudi kutoka katika tabaka za lulu. Njia ya kuupima ni kutazama kivuli cha taa au cha dirisha juu ya lulu: kikiwa na kingo zilizo wazi, mng'aro ni mzuri, kikiwa kama kilichofunikwa na ukungu, mng'aro ni hafifu.

Uso ni hali ya nje: doa, kishimo, mkwaruzo au uvimbe. Umbo ni mviringo kamili, tone, kifungo, au umbo lisilo na mpango. Rangi ina mambo mawili ambayo mfasiri asiyachanganye: rangi yenyewe, na kivuli cha rangi nyingine kinachopita juu yake lulu igeuzwapo. Ukubwa hupimwa kwa milimita. Unene wa tabaka ni muhimu hasa kwa lulu ya kufugwa, kwa kuwa tabaka likiwa jembamba punje ya ndani huonekana, na lulu huchakaa upesi. Ulinganifu ni sifa ya kidani kizima wala si ya lulu moja: ni kukaribiana kwa zote katika sifa zilizotajwa.

Zipo pia njia ndogo za kutambua lulu bandia. Lulu halisi ikisuguliwa taratibu kwenye ncha ya jino huleta ukakasi kama wa mchanga laini, na iliyo bandia huteleza. Katika tundu la kutungia, rangi iliyopakwa juu ya kioo aghalabu huonekana ikibanduka. Njia hizo, hata hivyo, haziwezi kutenganisha lulu ya asili na ya kufugwa, kwa sababu juu zote mbili ni tabaka la chaza. Kazi hiyo ni ya maabara yenye eksirei. Mwalimu afundishaye somo hili na awaambie wanafunzi wake wazi kwamba jicho lina mpaka.

Neno moja kwa watumishi wa serikali. Maelezo ya lulu huweza kuwa na alama kama A, AA na AAA. Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na dunia nzima katika alama hizo. Kila muuzaji huweza kuziweka apendavyo. Mfasiri asizigeuze kuwa "daraja la kwanza" au "daraja la pili", kwa maana msomaji wa Kiswahili akisikia daraja hudhani kwamba ipo mamlaka iliyolipanga. Afadhali aandike "alama ya muuzaji" na kuiacha ilivyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba watu wa njia ya Kilosa walijilinda kwa majina. Hawakuwa na maabara wala sheria ya kumlinda mnunuzi. Walikuwa na jicho, na baada ya jicho walikuwa na neno ambalo mwenye duka Unguja, mpagazi katika Mkata na mwanamke wa Usagara mwenye unga wa kuuza waliweza wote kulielewa. Mfanyabiashara aliyepuuza maneno hayo alibaki na magunia ya ushanga asioweza kununulia hata kibaba cha nafaka.

Twapendekeza kwamba istilahi za lulu na vito zisitungwe mezani peke yake. Waulizwe masonara wa miji ya pwani. Waulizwe wafugaji wa chaza wa Fumba, ambao wamekwisha kuyapa mambo ya kazi yao majina kabla ya sisi kuketi. Na yasomwe upya majina ya ushanga yaliyolala katika vitabu vya wasafiri, yaandikwe kwa tahajia yetu na kuelezwa maana zake. Lugha yetu hutumia kitenzi kimoja, kutunga, kwa ushanga na kwa istilahi. Mtungaji wa ushanga hutenga kwanza punje kwa rangi na ukubwa, ndipo ashike uzi. Mtungaji wa istilahi naye atenge kwanza vitu, ndipo atoe majina.